Uvimbe Wenye Jina la Jani

Mwezi wa Novemba 2023 nyumbani kwetu tulikuwa tukingoja matokeo mawili. Ya kwanza yalikuwa yangu ya KCPE, kwani mimi ni wa lile kundi la mwisho kabisa lililofanya mtihani huo kabla haujazikwa. Ya pili yalikuwa ya mamangu, kutoka maabara. Yangu yalitangazwa tarehe 23 yakaja kwa ujumbe wa simu. Ya mama yalikuwa yametangulia siku chache, karatasi moja iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa shati la baba. Yangu niliyaelewa papo hapo. Ya mama yalituchukua miezi kuyaelewa, na hayo ndiyo ninayotaka kuyaeleza hapa.

Najua kuna wavulana wa nyuma darasani watakaocheka wakiona neno ziwa. Chekeni mumalize, halafu tuendelee. Mama mwenyewe amenipa ruhusa, na mlezi wa chama amekubali. Naandika kwa sababu wakati ule tulitafuta mtu wa kutueleza kwa Kiswahili, lugha ambayo bibi pia anaielewa, na hatukumpata kwa urahisi.

Mama aliugundua uvimbe mwezi wa Mei mwaka huo akioga. Ulikuwa ziwa la kushoto, upande wa juu, mdogo kama kokwa ya zambarau, na haukuuma. Kisichouma hakisemwi, basi hakusema. Mama hulima kando ya mto, migomba na mahindi, na msimu wa maembe ukifika huuza ngowe hapa Garsen kwa abiria wa mabasi. Ni mtu wa kubeba. Mwezi wa Agosti alikuwa akipandisha ndoo kichwani, mkono ukamgusa pale, akashtuka. Kile kikokwa kimekuwa kama ndimu. Hapo ndipo alipomwambia bibi, na bibi akampigia baba simu Malindi anakofanya kibarua.

Hospitalini (sitaitaja, ila ni ya pwani hii hii) walimpima kwa mikono, wakampiga picha ya mawimbi ya sauti, wakamdunga sindano kuchukua chembe kidogo. Jibu likawa la kufurahisha. Uvimbe ulifanana na fibroadenoma, ambao ni uvimbe wa kawaida sana wa maziwa na si saratani. Hata hivyo daktari akasema kwamba kwa vile unakua haraka na mama ana miaka arobaini na mbili, ni heri utolewe. Fibroadenoma huwapata zaidi wasichana na wanawake wa kati ya miaka 15 na 35, na aghalabu haikimbii hivyo. Katikati ya Oktoba akapasuliwa. Alirudi nyumbani na bendeji, akicheka, akatuambia mambo yamekwisha.

Sasa sikilizeni habari ya kikopo, manake hii ndiyo nyongo ya makala yote.

Baada ya upasuaji muuguzi alimpa baba kikopo cheupe chenye mfuniko wa kukaza. Ndani mlikuwa na ule uvimbe wenyewe umelala katika dawa ya fomalini, isiuache uoze. Akapewa na fomu, akaambiwa akipeleke maabara iliyo mji mwingine na alipie kipimo. Mjomba wangu alikuwa naye. Mjomba akamwambia, "Shemeji, nyama imeshatoka. Pesa zote hizi za kuangalia kitu kilichokwisha kutoka mwilini, za nini? Si heri zinunue unga?" Kwa kweli hakusema kwa ubaya, alisema kwa hesabu. Baba aliniambia baadaye kwamba alisimama na kile kikopo mkononi pale kwenye matatu kitambo kizima, akihesabu pesa zilizobaki mfukoni. Matatu ya kwanza ikaondoka. Ya pili akapanda, akakipeleka.

Angekitupa, tungeendelea kuamini tulichoambiwa mwanzo. Naamini kuna vikopo vingi katika nchi hii ambavyo havikupanda matatu.

Basi karatasi ikarudi. Ilikuwa ya Kiingereza kitupu, na katikati yake neno ambalo hata baba, aliyefika kidato cha pili, alilisoma kwa vipande: fi-lo-de-si. Uvimbe wa filodesi. Halikuwamo katika kamusi yangu ya shule ya msingi, wala katika ile kubwa ya mwalimu mkuu nilipoenda kuiazima. Mwalimu akaniuliza nalitafutia nini, nikasema tu nimelisikia redioni.

Niliyoyajua baadaye, kwa muuguzi mmoja wa kliniki na kwa mwalimu wetu wa biolojia wa kidato cha pili, ni haya. Jina hilo limetokana na neno la Kigiriki la jani. Aliyelitoa ni mtaalamu Mjerumani, Johannes Müller, mwaka 1838. Alipoukata uvimbe wa namna hii aliona ndani yake mikunjo iliyopangana kama majani. Ukitaka kuona kitu kinachofanana nao, chukua kabichi uipasue katikati. Yeye aliongeza katika jina lake neno la kutisha linalomaanisha saratani ya nyama, ingawa wengi wa uvimbe huu hauna tabia hiyo, na hofu hiyo ikaendelea kuandikwa katika vyeti vya wagonjwa zaidi ya karne nzima. Madaktari wakaupachika majina zaidi ya sitini. Ndipo mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likasema uitwe uvimbe wa filodesi, basi. Majina sitini, na sisi tulishindwa na moja!

Ziwa, kama tulivyosoma, lina mirija ya kupitisha maziwa na lina nyama ya kuishikilia mirija hiyo isining'inie ovyo. Saratani ya matiti tunayoisikia kila Oktoba wakati wa zile utepe za rangi ya waridi, ambayo ndiyo inayogunduliwa zaidi kwa wanawake wa Kenya, kwa kawaida huanzia katika mirija na vifuko vya maziwa. Filodesi huanzia katika ile nyama ya kushikilia. Inazaana kupita kiasi, inaisukuma mirija, inaibana mpaka inakuwa nyufa nyembamba, na hapo ndipo yale majani yanapotokea. Ni nadra mno. Kati ya uvimbe wote wa matiti, filodesi haifiki asilimia 1. Wengi wanaoupata ni wa miaka ya arobaini, kama mama.

Swali ambalo kila mgeni alituuliza, na mimi mwenyewe nililiuliza kwa hasira, ni hili: kwani ile sindano ya kwanza ilikuwa ya nini? Si ilisema ni fibroadenoma? Daktari alidanganya?

La hasha. Mmewahi kuona wanunuzi wa mpunga wa huku Delta wanavyopima gunia? Huchoma kwa bambo pembeni, zikatoka punje za kutosha kiganja, wakaziangalia. Kama gunia zima ni sawa, bambo litasema kweli. Lakini kama mwenye gunia amechanganya, juu safi na katikati makapi, bambo likipita pa safi litakwambia ni safi. Sindano ni bambo. Fibroadenoma na filodesi ni kama ndugu wa tumbo moja, zote zina mirija na nyama ya kushikilia, na ndani ya filodesi moja kuna sehemu zinazofanana kabisa na fibroadenoma. Mpaka umwage gunia lote chini. Yaani utolewe uvimbe mzima, ukatwe vipande vyembamba, mtaalamu aviangalie kwa hadubini. Ndiyo sababu watu wengi wenye filodesi huambiwa jina hilo baada ya kupasuliwa, wakati wameshaanza kusahau. Hakuna aliyekosea. Lakini nakiri kwamba habari inayokuja baada ya shukrani huuma kuliko ile inayokuja kabla.

Mtaalamu wa hadubini hatoi jina tu, hutoa na daraja. Huangalia jinsi chembe zilivyosongamana, ngapi ziko katika kugawanyika, zina umbo la ajabu au la, na kama ukingo wa uvimbe ni laini au umeanza kupenya katika nyama jirani. Kutokana na hayo huuweka katika moja ya makundi matatu: mpole, wa mpakani, au mkali. Zaidi ya nusu ya filodesi zote ni pole. Hizo hazisafiri mwilini, ingawa zaweza kuota tena pale pale. Kali ndizo saratani hasa, nazo zaweza kupita katika damu zikafika mbali, zaidi kwenye mapafu.

Ya mama ilikuwa ya mpakani.

Sisi wa Tana mpaka tunaujua. Mto huu huhama. Unalala shamba lako likiwa ng'ambo hii, baada ya mafuriko unaamka liko ng'ambo ile, na wazee wanakaa kikao. Lakini mpaka wa shamba mnaweza kuupandia mti. Huu wa mama tuliupandia nini? Baba aliuliza, "Daktari, ni kansa ama si kansa?" Daktari akajibu kwamba si saratani kamili, wala si kitu cha kupuuzwa. Lilikuwa jibu la kweli kabisa, na lilikuwa jibu gumu kuliko yote. Watu hawawezi kulibeba jibu kama hilo. Wakija kukutembelea wanataka neno moja. Nusu walimpa mama pole za matanga, wakakaa wakimtazama kifua. Nusu walimwambia amshukuru Mungu si kitu, ale alale. Mama alikuwa akiwasindikiza wote mpaka njiani kwa adabu, akirudi anakaa jikoni peke yake bila kuwasha moto.

Na maneno yakazuka, kama kawaida. Wapo waliosema kisu kimeuchokoza, ati uvimbe usioguswa hukaa na ukiguswa hukasirika. Hili nalisikia mpaka leo na linanikera, kwani limewafanya wanawake kukaa na uvimbe mpaka uwe kama nazi. Kisu hakikuufanya wa mpakani. Ulikuwa hivyo tangu ndani, kisu kiliutoa tu nje tukauona. Wapo waliosema ni kwa sababu mama huweka pesa na simu kifuani akiwa sokoni. Wanawake wote wa soko la Garsen huweka pesa hapo! Kwa nini filodesi huanza, sayansi bado haijapata jibu, lakini haijaona kwamba ni noti wala simu wala kugongwa. Na bibi, nampenda sana bibi, alisema ni jicho la mtu. Mama akamjibu, "Mama, kama ni jicho, basi hilo jicho lilikuwa na kazi nyingi, limenipata mimi peke yangu mtaa mzima." Wakacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile karatasi.

Karatasi ilikuwa na jambo la pili ambalo sisi tulilipita na daktari akalitia mstari: uvimbe umegusa ukingo. Daktari akisha kutoa nyama, maabara huangalia kingo zake. Kama pembeni pana nyama safi inayozunguka uvimbe wote, vizuri. Kama uvimbe umefika mpaka kwenye ukingo wa kipande, maana yake huenda kuna mabaki yake mwilini. Mnaujua mathenge. Ule mti ulioletwa kuzuia jangwa ukageuka adui wa malisho. Ukiukata juu ya ardhi, mvua ikinyesha unachipua matawi kumi. Watu wenye akili huchimba, wakatoa na udongo wa pembeni. Daktari wa kwanza alikuwa ametoa uvimbe kama fibroadenoma inavyotolewa, yaani wenyewe peke yake, na ilikuwa sawa kwa jina alilokuwa nalo. Kwa jina jipya ilitakiwa kuchimba na udongo. Kawaida madaktari hutaka nyama safi ya kama sentimita moja kila upande. Kwa filodesi pole iliyotoka yote siku hizi wengi huridhika kumfuata mgonjwa kliniki bila kumpasua tena, lakini ya mpakani iliyogusa ukingo haiachwi hivyo. Na kama uvimbe ni mkubwa kuliko ziwa linavyoweza kustahimili, hutolewa ziwa zima. Mama aliogopa hilo kuliko kufa, aliniambia mwenyewe. Alipewa tarehe ya Desemba.

Tarehe hiyo ilisombwa na maji. Mtakumbuka mvua za El Nino za mwisho wa 2023. Tana ilivunja kingo, ikaingia mashambani na majumbani, barabara zikakatika hapa na pale. Sisi tulihamia mahali pa juu pamoja na majirani, tukakaa chini ya maturubai. Migomba yote ya mama ilikwenda. Karatasi ya maabara ilikaa ndani ya debe la plastiki lenye kifuniko, pamoja na kitambulisho cha mama, kadi ya NHIF (siku hizo ilikuwa bado NHIF, SHA ilikuja Oktoba 2024) na cheti changu cha kuzaliwa. Kila usiku mama alilifungua akahakikisha. Mimi nilidhani anaangalia cheti changu.

Kungoja kule ndiko kulikotuchosha. Kidonda kilikuwa kimepona vizuri, ungemwona ungesema mzima. Lakini alikuwa akijipapasa mara kumi kwa siku, na kila akipapasa alipata kitu, manake kovu lenyewe lina vinundu chini yake. Baadaye muuguzi alimwambia ajipapase mara moja kwa mwezi tu, siku chache baada ya hedhi, ajifunze ramani ya kovu lake, ili kikija kigeni akijue. Mara kumi kwa siku ni kujitesa.

Kanisani walichanga, na wengine walituma kwa M-Pesa. Januari 2024 alikwenda, akapasuliwa mara ya pili, ziwa likabaki ingawa sasa ni dogo kuliko mwenzake. Wiki hiyo hiyo wenzangu walikuwa wanaripoti kidato cha kwanza. Mimi nilikuwa nimeitwa shule ya bweni kaunti nyingine. Godoro, sanduku na karo ya muhula viliingia katika nauli na gharama za hospitali. Basi nikaja hapa shule ya kutwa, nikawa nawapikia wadogo zangu jioni. Sikulia. Huo ni uongo, nililia, ila si mbele yao.

Kipande cha pili kilipelekwa maabara na safari hii mjomba ndiye aliyekibeba. Jibu: kingo safi.

Hapo mngedhani shida imekwisha. Ikaanza nyingine. Watu waliochanga waliona miezi inapita na nywele za mama ziko kichwani, tena amesuka. Hatapiki, hakukonda. Mmoja akasema hadharani, stendini, mbele ya wateja, kwamba huenda hakuwa mgonjwa, huenda pesa zililiwa. Nilikuwepo. Mama aliendelea kupanga ndizi za watu alizochukua kuuza, mikono ikimtetemeka. Laiti ningalijua wakati ule ninayoyajua sasa, ningalisimama juu ya kreti nikahutubia.

Ningaliwaambia hivi. Zile dawa zinazong'oa nywele hupewa watu wenye saratani zinazozisikia dawa hizo. Filodesi haizisikii vizuri, na dawa za homoni pia hazisaidii. Dawa yake kubwa ni kisu kilichokata vizuri. Mionzi huongezwa wakati mwingine, zaidi kwa zile kali, au pale kingo zinapokataa kuwa safi. Hata tezi za kwapani hazikuguswa, kwa sababu filodesi ikisafiri hupita katika damu na si kwa njia ya tezi, isipokuwa mara chache sana. Kwa hiyo mkono wake haukuvimba, na akarudi kubeba ndoo baada ya majuma machache. Mgonjwa wa ugonjwa huu hafanani na picha ya mgonjwa tuliyo nayo vichwani. Pesa zao zilikwenda kwenye kovu lililo chini ya kanga, na mwanamke hawezi kulifungulia stendi ili kutoa risiti.

Baba alirudi kutoka Malindi akaomba dakika tano Jumapili baada ya ibada. Akasoma gharama zote kwenye karatasi, moja moja, mpaka bei ya chai. Yule mtu alikuja nyumbani jioni na kilo mbili za sukari. Mama alizipokea. Mimi nisingalizipokea, lakini mimi si mama.

Tangu hapo ni kliniki, kila baada ya miezi sita. Humpima kwa mikono pande zote mbili, picha ya ziwa, na eksirei ya kifua kuangalia mapafu. Filodesi ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka miwili ya mwanzo, pale pale ilipokuwa, na ndiyo maana macho hukazwa wakati huo. Wiki ya kliniki sote tunaijua bila kuambiwa. Mama hufua hata nguo safi. Hafungui redio. Akirudi na habari njema hulala saa kumi na mbili jioni kama mtoto.

Kilichomsaidia zaidi, kwa maoni yangu, ni daftari. Ni daftari la kurasa thelathini na mbili, la bei ya chini, nililompa mimi. Kliniki ya kwanza aliingia kwa daktari akatoka baada ya dakika tano, tulipomuuliza ameambiwa nini akasema, "Nimesahau yote." Hofu hula masikio. Basi usiku kabla ya safari tukawa tunakaa na taa, anasema mimi naandika. Ni daraja gani? Kingo ziko umbali gani? Nikiona nini nisingoje tarehe? Naweza kubeba mzigo? Watoto wangu wa kike wako hatarini? (Hilo la mwisho alilinong'ona, kana kwamba siko. Jibu lilikuwa kwamba aghalabu hauendi kwa ukoo.) Chini ya kila swali tunaacha mistari mitatu ya jibu. Daktari mmoja aliliona akalichukua akajaza mwenyewe kwa mkono wake. Na ile karatasi ya maabara tumeitoa nakala nne, kwa sababu tuliona kila daktari mpya anaposikia filodesi, kitu cha kwanza anachoomba ni hiyo, na wengine hawajamwona mgonjwa wa filodesi tangu watoke chuoni.

Wasichana wenzangu, hili ni lenu. Mwaka jana nikiwa kidato cha pili nilipata kinundu. Nilikaa nacho siku tatu bila kumwambia mtu, nikashindwa hata hesabu za kugawanya. Mimi, binti wa mama huyu, nilinyamaza! Usiku wa tatu nikamwambia. Hakupiga kelele. Aliniuliza hedhi yangu ni lini, nikamwambia baada ya siku nne. Akasema tungoje ipite, na kama bado kipo twende. Hedhi ikapita nacho kikapita. Muuguzi alinieleza kwamba katika umri wetu maziwa huwa na vinundu na maumivu kabla ya hedhi, na hata kile kinachobaki mara nyingi ni fibroadenoma, kinachoteleza chini ya kidole kama punje ya njugu chini ya kitambaa. Filodesi kwa msichana yaweza kutokea lakini ni nadra ndani ya nadra. Kinachobaki baada ya hedhi kipelekwe kikaonwe, na kinachokua upesi kisingoje hata hiyo hedhi. Na kikitolewa, ulizeni kikopo kinakwenda maabara gani.

Januari mwaka huu, 2026, mama alitimiza miaka miwili tangu kisu cha pili. Eksirei ilikuwa safi. Amepanda migomba mipya mahali pa juu kidogo kuliko ya zamani.

Nilimsomea makala haya juzi jioni akimenya muhogo. Alinisimamisha mara mbili tu. Mara ya kwanza alisema ile kokwa haikuwa ya zambarau, ilikuwa ndogo zaidi, kama ya ukwaju. Mara ya pili, nilipofika kwenye sukari, akasema zilikuwa kilo tatu, si mbili, nimwandikie mtu haki yake.